Mama Mdogo kwa Miezi Mitatu

Usiku wa kuamkia safari, mama alitandaza doti ya kanga mpya kitandani, akaikata katikati kwa mkasi wake wa kushonea, akapinda ukingo wa kipande kimoja na kukitia kwenye begi langu. Kipande cha pili alikirudisha kabatini. Maandishi yalikuwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

“Hiki mpelekee mwenye nyumba,” akasema.

“Mwenye nyumba yupi, mama? Babu amekufa tangu 2011.”

“Basi aliyebaki.”

Nikadhani yameisha. Lakini nilipokuwa nahangaika na zipu, akauliza akiwa amenipa mgongo: “Na uniulizie jambo moja tu. Jina langu aliwahi kulitaja kule kwao?”

Hilo ndilo lililonipeleka Genova. Mengine yote, mkutano wa waandishi wa habari Perugia, barua za mwaliko, foleni za viza, picha za pasipoti zilizokataliwa mara mbili kwa sababu ya masikio, yalikuwa njia tu ya kufika.

Nianze mwanzo, maana si kila msomaji anajua kwamba sisi watu wa Malindi tuna historia na anga za juu. Kaskazini mwa mji, kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu yao. Waitaliano waliyaleta katika miaka ya 1960, wakayaita San Marco na Santa Rita, mradi ulioongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Sababu ya kuja kwetu ni ikweta. Huku ardhi inazunguka kwa kasi kuliko kwingineko, kwa hiyo roketi inayoelekezwa mashariki hupata msukumo wa bure. Mwezi Aprili 1967 waliirusha setilaiti ya kwanza kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake duniani, nayo ikapewa jina Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka 1988, mwaka niliozaliwa mimi.

Bibi yangu alikuwa akifua nguo katika nyumba moja waliyopanga baadhi ya mafundi wa mradi ule. Mmoja wao bibi hakumwita kwa jina lake maisha yake yote. Alimwita Fundi. Novemba 1969 akamzalia mtoto wa kike. Bibi alisimulia kuwa siku Uhuru inarushwa alimbeba mama mgongoni hadi ufukweni, wakatazama moto ukipanda juu ya bahari, na mama, mwenye umri wa mwaka mmoja na siku kadhaa, akalia mpaka akapoteza sauti. Mapema 1971 mkataba wa Fundi ukaisha, akaondoka. Aliacha redio, blanketi na ahadi. Redio ndiyo iliyodumu.

Mtaani bibi akawa Mama Roketi. Mama mwenyewe shuleni aliulizwa na watoto wenzake: “Baba yako amepanda juu, atashuka lini?” Alipotusimulia alikuwa anacheka. Mimi nimeishi naye miaka mingi kiasi cha kujua kwamba kicheko kile ni mlango uliofungwa kwa komeo.

Alipokua akafungua kibanda cha kuuza kanga karibu na hoteli za ufukweni, na wateja wake wengi walikuwa Waitaliano. Fikiria hilo. Mwanamke aliyeachwa na Mwitaliano mmoja akajifunza kuhesabu bei kwa Kiitaliano ili awauzie Waitaliano mia. Mimi nilikaa chini ya meza ya kibanda kile tangu sijaota meno, na lugha ikaniingia kama mchanga unavyoingia kwenye nguo. Kiitaliano cha Malindi hakifundishwi darasani. Ni lugha ya kuuza, kusifu na kuagana. Ninajua kusema “kwako wewe bei maalumu” kwa namna saba. Sikuwahi kujifunza kusema “mimi ni mjukuu wako.”

Mwaka 2022 rafiki yangu aliniletea kutoka Uingereza kile kijichupa cha kutemea mate kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Nilifanya kwa sababu ya makala niliyokuwa nikiandika. Angalau ndivyo nilivyojiambia. Majibu yakaja na jina la mwanamke wa Genova tuliyechangia naye karibu asilimia 6. Nikamwandikia kwa Kiingereza, sentensi tatu, zenye adabu kama barua ya kuomba kazi. Akajibu baada ya wiki mbili: babu yake mzaa mama alifanya kazi Kenya, Malindi, 1966 hadi 1971. Chini yake akaongeza swali: “Wewe ni nani?”

Tuliandikiana karibu miaka miwili. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 29, mcheshi. Yeye aliniita binamu. Nikamweleza kwamba kwetu watoto wa mtu na dada yake ni ndugu, hakuna cha binamu hapo. Akapenda. Lakini kila nilipomuuliza mama yake anasemaje, aliruka swali kama mtu anavyoruka dimbwi.

Aprili 2024, mkutano wa Perugia ulipokwisha, nikapanda treni. Ukibadilisha Firenze ukashika njia ya Pisa na La Spezia, reli huingia milimani inakokutana na bahari, na kutoka hapo hadi Genova ni mahandaki mtindo mmoja. Giza, kisha bahari kwa sekunde tano, kisha giza. Unaona mashua, nguo zimeanikwa dirishani, mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, halafu vyote vinafutwa kabla hujavielewa. Nikawaza, hivi ndivyo nilivyomjua babu yangu.

Ndugu yangu alinipokea stesheni ya Piazza Principe. Sikuwa nimejiandaa kwa mabusu ya mashavuni. Nilianza upande usiofaa, tukagongana pua. Akanishika mkono, tukapita mtaa wa Via Prè, ambako nilikuta maduka ya vitenge, nywele za kusuka na sauti za Wasenegali wakiitana, nikajihisi kama nimerudishwa River Road kwa hila. Halafu tukaanza kupanda ngazi. Mji ule umejengwa kama rafu za vitabu, nyumba juu ya nyumba. Tulipofika juu magoti yangu yalikuwa yakitetemeka, na bandari nzima ilikuwa chini yetu pamoja na Lanterna, mnara wao wa taa uliosimama tangu 1543.

“Kabla hatujaingia,” akasema kwa Kiingereza, “mama anajua wewe ni nani. Nilimwambia jana.”

“Jana?”

“Ningemwambia mapema asingekubali.”

Mlango ukafunguliwa. Nisingependa kusema nilimwona mama yangu, kwa sababu si kweli. Huyu alikuwa mweupe, mfupi, nywele za kijivu zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani. Lakini kabla ya kunikaribisha kukaa alichukua kitambaa akaifuta meza iliyokuwa safi tayari, kwa mizunguko midogo, akianzia kona ya kushoto. Mama yangu hafuti meza namna nyingine. Niliangalia mkono ule ukizunguka nikasahau kusalimia.

Akaleta farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu uliookwa tanuri la kuni, unga uleule tunaopikia bajia. Nikauma kwa pupa, ukaniunguza ulimi, nikapiga ukelele.

“Pole,” akasema.

Nikamtazama. Akaendelea kukata vipande kama hakusema lolote la ajabu.

“Samahani,” nikamwambia ndugu yangu kwa Kiingereza, “amesema nini?”

“Ah, pole? Ni neno letu la nyumbani. La babu. Mtu akijikwaa, akiungua, akidondosha kitu, tunasema pole. Nadhani ni Kigenova cha zamani. Mimi nawaambia hata wanafunzi wangu wakianguka uwanjani.”

Natalia Ginzburg ana kitabu kiitwacho Lessico famigliare, kilichotoka 1963, kinachoijenga upya familia yake ya Torino kwa misemo waliyokuwa wakisema nyumbani. Nilipokisoma miaka ya nyuma nilikipenda kwa mbali, kama kitu cha watu wengine. Sikufikiri kwamba siku moja ningekaa katika jiko la Italia nikikuta neno la nyumbani kwetu limelelewa na watu wengine kwa miaka zaidi ya 50, wakidhani ni lao. Nikawaeleza. Ndugu yangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Shangazi... hapana, nitafika hapo kwenye jina. Mama yake hakusema kitu. Akauliza kama nataka maji.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo linaniwasha. Wakageukiana wakaanza kusema Kiitaliano, haraka, sauti chini. Ni lazima nikiri: sikuwa nimewaambia kwamba naelewa. Sikudanganya, hakuna aliyeniuliza. Ila sisi waandishi wa habari tunajua tofauti kati ya kutodanganya na kusema kweli, na tunaitumia tunapotaka.

“Che cosa vuole?” mama akauliza. Anataka nini?

“Hataki kitu, mama. Amekuja kutuona.”

“Hakuna anayesafiri mbali namna hii kuja kuona. Anataka nyumba? Babu yako alilipa nyumba hii miaka 25.”

Ungetaka nikuambie kwamba niliumia. Niliumia. Lakini pia nilikumbuka usiku mmoja Nairobi, saa nane, nimefungua kompyuta nasoma kwamba tangu 2012 sheria ya Italia haimtofautishi mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa. Niliisoma mara mbili. Nilijiambia ni utafiti. Kwa hiyo swali la yule mama halikuwa la kijinga, na mimi sikuwa malaika. Mtu mwenye nyumba moja tu ana haki ya kumuuliza mgeni amefuata nini.

Nikaweka uma chini nikamjibu kwa Kiitaliano kilekile cha kibandani, sina kingine: “Mama yangu mzuri, mimi sitaki nyumba. Nina swali moja tu. Halina bei.”

Kimya. Halafu ndugu yangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama. Kumbe lafudhi yangu ni ya mchuuzi wa ufukweni, na “bella mamma” niliyomwita ni namna ya kumwita mtalii unayetaka anunue. Mama yake akawa mwekundu hadi masikioni, kwanza kwa aibu ya kusikika, kisha naye kicheko kikamshinda. Alicheka akiwa amefumba macho, bega moja juu. Sikujua kabla ya hapo kwamba kicheko kinaweza kurithiwa na watu wawili wasiojuana.

Akafuta macho. Ndipo akauliza yeye, moja kwa moja, bila mkalimani: “Mama yako alizaliwa lini?”

“Novemba 1969.”

Nikaona vidole vyake vikianza kuhesabu chini ya ukingo wa meza.

“Mimi Februari 1970,” akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Alitaja likizo. Baba yake alirudi Genova kwa likizo Mei 1969. Ipo picha, wazazi wake wako bandarini, mama yake amevaa gauni la mistari. Ndiyo likizo aliyotungwa yeye. Maisha yake yote picha ile ilikuwa picha ya furaha. Sasa akawa anaihesabu mbele yangu: siku ile katika picha, upande wa pili wa dunia, alikuwepo mwanamke mwenye mimba ya miezi mitatu, akifua nguo.

Akainuka akaenda kuosha vyombo. Sahani tatu alizioshea dakika ishirini. Ndugu yangu akataka kumfuata, nikamshika mkono. Nilifikiri: tulikuja kama sisi ndio tuliodhulumiwa, na ni kweli tulidhulumiwa, lakini hatukujua kwamba ukweli wetu, tukiuweka mezani, utamnyang'anya mtu mwingine baba yake. Mama yangu alikua bila baba, lakini hakuwahi kuwa na baba wa uongo. Sijui ipi ni nafuu.

Nilipochoka kukaa nilichukua kitambaa nikaenda kufuta sahani kando yake. Hatukusema kitu. Baadaye nikaleta ile kanga nikaitandaza kwenye kochi. Akagusa maandishi, akauliza yana maana gani.

“Mgeni na aje, ili mwenye nyumba apone.”

“Mgeni ni nani? Wewe?”

“Sijui. Mama amebaki na kipande cha pili, na chake kina maneno hayohayo.”

Akafikiri. Kisha, nadhani kwa kutafuta jambo jepesi la kusema, akauliza: “Kwa lugha yenu mimi nakuwa nani kwako? Zia?”

Kiitaliano kina neno moja tu, zia. Dada ya baba ni zia, dada ya mama ni zia, mkubwa kwa mdogo zia. Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo. Shangazi ni dada ya baba. Dada ya mama naye ni mama. Lakini ni lazima useme ni mama yupi, mkubwa au mdogo, na huwezi kusema bila kujua nani alitangulia. Nilijua jibu litampeleka wapi. Yeye ni kifungua mimba, na mtoto pekee. Nyumba ile imejaa ushahidi wake: kiatu chake cha kwanza kimewekwa kabatini nyuma ya kioo.

“Mama mdogo,” nikasema. Nikamfafanulia. Mama kwa sababu ni dada ya mama. Mdogo kwa sababu ya miezi mitatu.

“Mdogo,” akarudia. Akajaribu kulisema mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kiatu kinachombana. “Miaka 54 nilikuwa mkubwa.”

“Pole,” nikamwambia.

Lilinitoka tu. Alinitazama kwa muda, na nadhani wakati ule ndipo alipolisikia neno lile kwa mara ya kwanza. Kiitaliano wanaweza kusema mi dispiace, lakini hilo linamzungumzia msemaji, kwamba yeye ndiye anayesikitika. Pole haimzungumzii msemaji wala haitafuti mwenye kosa. Inakwenda kwa aliyeumia, basi.

Asubuhi yake walinipeleka makaburi ya Staglieno, mji mzima wa marumaru mlimani. Babu hana sanamu. Yuko kwenye ukuta wa watu wa kawaida, safu ya nne, juu ya kimo changu, na picha yake ya kigae. Paji la uso ni la mama, pana, lina mstari mmoja uliolala. Nilikuwa nimepanga kuhisi hasira. Nilichohisi ni shingo kuuma kwa kutazama juu.

Pale ndipo nilipouliza swali nililotumwa. Mama mdogo hakujibu upesi. Alisema amelala macho usiku kucha akilitafuta, katika daftari zake za kazi, katika barua, katika siku zake za mwisho hospitalini. “Ningeweza kukudanganya,” akasema, “na wewe ungefurahi. Hapana. Hakulitaja kamwe.”

Jioni nikampigia mama. Alikuwa anafunga kibanda, nilisikia vibati vikigongana. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kupamba. Nikangoja. Kisha, kwa kuwa sikuweza kumwacha mikono mitupu, nikamweleza habari ya neno pole: kwamba nyumba nzima inalisema, mwalimu analisema kwa watoto wa Genova wanaoanguka uwanjani.

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

“Kwa hiyo pole yangu,” akasema, “aliwapa wao.”

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, na ndiyo maana naandika.

Halafu akauliza huyo mwenziwe alizaliwa lini. Nikamwambia. Nikamsikia akihesabu kwa sauti, Novemba, Desemba, Januari, kwa makini ya mtu anayerudisha chenji.

“Kumbe mimi ndiye mkubwa,” akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo, ikanyooka. “Basi mwambie dada yake amempa salamu. Na akija Malindi asinifanyie mambo ya kwenda kulala hotelini.”